Lundo la Majengo

Mwavita ndiye aliyemfundisha Dative kufinya kitunguu shingoni. Wakati huo Dative alikuwa amekimbia vita Rutshuru, akilala chini ya turubai kambini Kanyaruchinya pamoja na watoto wake watatu. Mwavita alimkuta sokoni akiokota vitunguu vilivyotupwa, akampeleka mpaka kwenye depo ya vitunguu ya Papa Buhendwa, mtaani Majengo.

"Shingo ikibonyea, ndani kimeoza," alimwambia. "Weka kando. Kimoja kinaharibu mufuko muzima."

Tangu siku hiyo walikaa bega kwa bega na wanawake wengine tisa, wakikata majani, wakichambua, wakijaza mifuko.

Mwaka huu Buhendwa alileta mashine. Vitunguu havikuja tena ndani ya mifuko. Lori liliinua mgongo likavimwaga kama changarawe kwenye beseni kubwa la chuma, mkanda ukavipandisha, visu vikakata majani, chekecheke ikatenga vikubwa na vidogo, kisha vikaanguka ghalani, lundo moja refu kuliko watu wawili. Chini ya lundo feni zilipuliza hewa kwenye mabomba. Kazi ya siku nne iliisha kabla ya saa sita mchana.

Buhendwa aliwaita wanawake uani. Hakuwa mtu mkali. Alisema huku akitazama viatu vyake.

"Mashini inaomba mutu moja tu wa kuangalia mukaba ule unapandisha bitunguu. Nitabaki na Dative. Macho yake yangali mazuri."

Mwavita alimtazama Dative, akingoja neno, hata nusu ya neno. Dative aliwafikiria watoto. Akainama kukaza kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Wengine wakakusanya vitu vyao, wakatoka.

Wiki ya tatu umeme ulikatika, feni zikanyamaza. Jenereta ilikuwapo, lakini mazuti ya kuiendesha ilikuwa haipatikani mjini. Siku ya pili Dative alizamisha mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko, akakuta joto kama la mgonjwa wa malaria. Alichomoa kitunguu kimoja. Kilikuwa na jeraha ubavuni, pale kilipogonga sakafu kikianguka kutoka juu.

"Papa, tuvitandaze inje. Leo."

"Na nani? Umebaki weye peke yako. Umeme utarudi kesho."

Ulirudi siku ya sita. Maji meusi yalikwisha kutiririka mpaka barabarani, na majirani wakipita walifunika pua. Hapo ndipo Buhendwa alipomtuma Dative akawaite wenzake.

Mwavita alikuwa akifua nguo za watu.

"Papa Buhendwa anatuomba tumusaidie kuchambua," Dative alisema.

"Anatuomba? Weye uko upande gani?"

Dative alichuchumaa mbele yake. "Mama, siku ile nilipaswa kusema."

"Ulipaswa. Hakungebadilika kitu. Lakini ningetoka pale nikijua niko na mutu."

Mwavita alikamua shati, akalianika, akafuta mikono. Alikuja. Kwa siku tatu waliinama kwenye uozo, macho yakiwachoma, na Mwavita aliongea na kila mtu isipokuwa Dative. Hawakuokoa hata robo. Vilivyobaki vilimwagwa kwenye mawe ya volkano nyuma ya depo.

Wanawake waliotumaini kurudishwa kazini walikosea. Fundi Gentil aliteremsha mdomo wa mkanda, akafunga mpira chini yake ili vitunguu visigonge, na mapipa ya mazuti yakajazwa stoo. Buhendwa aliwashukuru wote, akawaaga.

Safari hii Dative alimfuata Buhendwa. "Papa, umuweke Mama Mwavita mu nafasi yangu."

"Dative, usinitese. Rudi ku mukaba."

Mwavita alikuwa amefika getini. Hakugeuka, na Dative hakujua kama alisikia. Nje lori jipya lilikuwa likipiga honi. Gentil akawasha mashine, na vitunguu vikaanza kupanda.