Kikao cha Mtoto wa Pili

Nyumbani kwa Joleen Haugen, mjini Duluth, mume na mke walikuwa hawazungumzi. Si kwa ugomvi, la, kwa kukosa nafasi. Curtis alirudi kutoka kiwandani Joleen akimlaza binti yao, Tess, na Joleen aliposhuka ngazi Curtis alikuwa akikoroma kwenye kochi. Basi wakawasiliana kwa kalenda ya simu, kama serikali mbili zenye uhusiano mwema. "Alhamisi: meno ya Tess." "Jumamosi: mapenzi, ikiwa hakuna mwenye mafua."

Wiki ile Curtis akaandika: "Mtoto wa pili, ndiyo au hapana. Saa sita mchana, kwa video." Kwa uchovu akautuma mwaliko kwenye kalenda ya ofisi ya mkewe badala ya ile ya nyumbani. Wenzake Joleen wa kampuni ya bima, wanaoitwa vikaoni kutwa, hawasomi mwaliko; huukubali tu. Wakaukubali wote.

Saa ilipofika Joleen alifungua kompyuta. Jibu alikuwa nalo tangu majira ya baridi, ila hakujua atamwambiaje mwanamume aliyekwisha kuchagua jina la mtoto. Curtis alitokea akiwa ndani ya gari lake, sandwichi mkononi. Kisha nyuso nyingine zikaanza kuchomoza.

"Hiki ndicho kikao cha madai?" akauliza Brent wa dawati la pili.

"Cha uzazi," akasema Curtis, masikio yakimwiva.

"Loo! Kura yangu ndiyo, shemeji. Si mimi nitakayebadilisha nepi."

"Nyamaza, Brent. Wewe hata paka amekuhama," akasema bosi wao, Bi Lindquist. Akavua miwani. "Sisi wa zamani hatukuulizwa, Joleen. Watoto walikuja kama theluji: unaamka, wamejaa mlangoni, unashika koleo la kuzolea. Kazi niliiacha hivyo hivyo, nikairudia walipokua. Ninyi mnaulizana. Sijui kipi kinachosha zaidi. Haya, tokeni wote!"

Nyuso zikazimika, ya Brent mwisho, baada ya Bi Lindquist kumtoa.

"Curt," akasema Joleen. "Hapana."

Curtis aliacha kutafuna. "Hapana ya mwaka huu?"

"Hapana yenyewe. Nampenda Tess, nakupenda wewe, na baada ya hapo sina kilichobaki, mpenzi. Nimejikung'uta mpaka mifuko."

"Nilishaanza kumwita Walter."

"Najua."

"Hata mimi nimechoka, Jo. Ila mimi ningekubali kuchoka naye tu."

Hakununa. Aliifunga sandwichi katika karatasi yake taratibu, kama mali ya mtu mwingine, akalaza kichwa kwenye usukani. Joleen alingoja akate simu, hakukata. Naye akalaza shavu mezani, kando ya kompyuta. Muda wa kikao ulikuwa haujaisha. Usingizi ukawapitia hapo hapo, kamera zikiwa wazi.