Ushuhuda wa Mteja wa Kwanza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma kahawa, Jenista alimgeuza mumewe kwa ubavu wa kushoto, akamfuta mate, akamwegemeza mto mgongoni, kisha akabonyeza redio. Alijua haitawaka. Kwa miezi mitatu alikuwa akiibonyeza na kupata kitaa kilekile chekundu. Lakini angefanyaje, na Gwamaka alikuwa akimtazama? Kiharusi kilimwachia macho na mkono mmoja. Maneno kiliondoka nayo.

Redio ndiyo iliyokuwa ikishinda naye. Ilimpa kwaya za asubuhi, bei ya kahawa, matangazo ya vifo, na mpira jioni. Siku zile Jenista akirudi shambani alimkuta uso umechangamka, ule mkono mzima unapigapiga godoro kufuata kwaya. Sasa alimkuta vilevile alivyomwacha, anakitazama kitaa. Mara mbili alimkuta amelia mpaka mto umelowa. Hilo lilimuuma Jenista kuliko kiharusi chenyewe, maana kiharusi hakikuletwa na mtu.

Redio ilikuja pamoja na taa tatu na paneli ya sola, mali ya kampuni iitwayo Angavu. Aliyeileta kijijini Hasamba ni Mzee Yonathani, mzee wa kanisa na wakala wa kampuni, kofia mbili kichwa kimoja. Jumapili moja, baada ya matangazo, alisimama akatoa ushuhuda: nyumba yake ilikuwa gizani, sasa inawaka, Bwana asifiwe. Watu waliitikia, na Jenista akawa wa kwanza kununua. Mpiga picha akaja kutoka mjini, akampiga ameinua taa juu, meno yote nje.

Akalipa kwa simu miaka mitatu. Wengine walilipa kila wiki. Yeye alisubiri kahawa iuzwe, akalipa ya miezi kwa mkupuo, kama watu wa Mbozi wanavyolipa kila kitu. Siku aliyomaliza, simu ikalia. Macho yake hayakuona herufi ndogo, akampelekea Yonathani.

"Hongera, Mama Efraimu!" Yonathani alisema, simu kaiweka mbali na uso ili naye asome. "Wanakupa zawadi ya televisheni kwa uaminifu wako. Bonyeza moja kukubali."

"Ya bure?"

"Si wamesema zawadi? Bonyeza. Usikatae baraka."

Akabonyeza. Televisheni ikaja kwenye boksi. Mwezi uliofuata ukaja ujumbe mwingine: hujalipia televisheni. Kumbe ile moja aliyobonyeza ilikuwa sahihi ya mkopo mpya. Taa na redio alizokwisha kuzilipia zikafungwa zote siku moja, kwa mtandao, kutoka huko huko zinakofungiwa, hakuna mtu aliyekanyaga uani kwake. Jenista aliibeba televisheni kichwani mpaka kwa Yonathani. Televisheni ilipokelewa. Mkopo ulibaki.

Ndiyo maana Yonathani alipokuja mwezi Juni na barua mkononi, Jenista hakumkaribisha kiti. Alijikaribisha mwenyewe.

"Angavu inatimiza miaka kumi," alisema. "Sherehe ni Tunduma. Wanakutaka wewe. Mteja wa kwanza mkoa mzima, unalijua hilo? Utoe ushuhuda."

"Ushuhuda wa nini, Mzee? Wa kitaa chekundu?"

"Wakubwa wote watakuwepo. Ukisema vizuri, watakufungulia."

"Wameahidi?"

Yonathani aliangalia kitandani, akaangalia kofia yake. "Mama Efraimu, wakubwa hawaahidi. Wanaguswa."

Jenista alilichukua hilo kama lilivyo. Mwanawe Efraimu alivuka kwenda Zambia miaka minne iliyopita, salamu zake zilikuwa zimekauka, na hakuna mtu mwingine aliyemwambia kwamba kuna mlango wa kubisha. Alimwomba jirani yake Agnes ashinde na Gwamaka, akavaa kitenge cha pasaka, akapanda pamoja na Yonathani gari lililotumwa na kampuni.

Malori yaliyosubiri kuvuka mpaka yalikuwa yamepanga foleni tangu mbali nje ya mji. Gari la Angavu liliyapita yote kwa pembeni. Kwenye ukumbi wa hoteli Jenista alisimama mlangoni. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa yeye. Taa juu, meno yote nje, na uso ukubwa wa mlango wa ghala. Picha ileile ilikuwa kwenye jalada la kitabu kilichowekwa juu ya kila kiti. Hakuna aliyegeuka kumtazama yeye mwenyewe.

Meneja wa kanda, kijana aitwaye Dennis, alisimama na kitabu akaisoma historia. Walianza na taa moja na chumba cha kupanga Mbeya. Mwaka wa tatu wakaongeza redio, wa sita televisheni, wa nane simu za kukopesha. Leo wana wateja hai laki nne. Mwaka huu peke yake faida imepanda asilimia thelathini na moja. Alionyesha mstari unaopanda, na watu wakaupigia makofi mstari. Jenista naye alipiga. Hakuona kosa kwa kampuni kushiba, mradi ikumbuke chungu kilichoishibisha.

Msichana wa matangazo, Ferista, alimletea karatasi. Jenista akasema macho yake hayaiwezi.

"Basi usijali, mama. Sema kwa moyo tu, kama kanisani."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na kosa hilo angelifanya mtu yeyote wa Hasamba. Jenista alikuwa amepanga kusema shida yake mbele za watu wote, waone aibu. Lakini kama kanisani, ushuhuda una mpango wake, na mpango huo ulikuwa mifupani mwake tangu utoto: unaanza na dhiki, unamaliza na shukrani. Hakuna anayemaliza na dhiki. Ukimaliza na dhiki si ushuhuda, ni manung'uniko.

"Bwana asifiwe," alianza.

"Ameni!" ukumbi ukaitika.

"Mimi ni Jenista wa Hasamba. Mume wangu amelala kitandani mwaka wa pili. Hasemi. Redio ndiyo rafiki yake, na redio imefungwa. Miezi mitatu nyumba ni giza, mume wangu amelala kimya, analia." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Lakini nawashukuru Angavu. Naamini mtanifungulia. Bwana asifiwe."

"Ameni!"

Mshereheshaji, Damiano, alikuwa amesharuka jukwaani. "Mmesikia wenyewe! Giza! Kimya! Machozi! Kisha nani kaingia?"

"Angavu!" wakajibu.

"Mpigieni makofi mama yetu!"

Muziki ukapigwa. Jenista alibaki ameinua mkono kama mtu anayetaka kusema neno moja zaidi, na mpiga picha akaupenda mkono ule. Alitaka kulia, akacheka, maana watu wote walikuwa wakimchekea.

Alimfuata Dennis kwenye foleni ya chakula.

"Shikamoo, mama. Umetuua leo!" Dennis alisema. "Yaani hata mimi machozi yalinilenga."

"Marahaba, baba. Sasa ile redio."

"Redio gani?"

"Ya mume wangu. Nilimaliza kulipa. Hamkunisikia? Imefungwa mpaka leo hii."

Dennis alitoa simu yake, akaomba namba yake, akagusagusa kioo. "Una mkopo wa televisheni, mama."

"Niliirudisha. Na nilibonyeza kwa sababu mlisema zawadi."

"Ulikubali. Ipo hapa, tarehe na saa." Hakuwa mkali. Aliongea kwa upole, kama muuguzi mwenye sindano. "Nikuelimishe kidogo, mama. Mteja akimaliza kulipa anatoka kwenye hesabu. Kwa wenye fedha zao huko nje, huyo ni kama amekufa. Ndiyo maana tunampa bidhaa nyingine, aendelee kuwa hai. Ule mstari uliouona ukipanda, ni nyie."

"Basi nifungulie mimi mmoja. Wewe si mkubwa hapa?"

"Mfumo, mama. Hata mimi ungenifungia." Akamwekea kipande cha kuku kwenye sahani, cha pili pia. "Lakini nina habari njema. Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya miaka kumi. Kila aliyefungiwa tunamfungulia bure, saa ishirini na nne. Umefurahi?"

Jenista alisema ahsante. Ndilo neno alilofundishwa.

Aliondoka na mwavuli na fulana ya Angavu. Vile vipande vya kuku alivifunga kwenye mfuko kwa ajili ya Gwamaka. Ndani ya gari Yonathani alikaa mbele, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kitaa kikageuka kijani, na redio ikaanza katikati ya wimbo. Gwamaka alishtuka, kisha uso wote, hata ule upande uliokufa, ukajaribu kucheka. Jenista hakwenda shambani. Kahawa ilikuwa inaiva na kudondoka, akaiacha idondoke. Walisikiliza kwaya, wakasikiliza vifo. Kisha, bila kutazamiwa, redio ikasema kwa sauti ya Jenista mwenyewe:

"Mimi ni Jenista wa Hasamba. Nyumba ni giza, mume wangu amelala kimya, analia. Lakini nawashukuru Angavu."

Ikafuata ngoma, na watoto wakiimba: Angavu, nyumba haizimi.

Hakuna "naamini mtanifungulia". Walikuwa wameikata. Jenista alijisikia kama aliyevuliwa nguo njiani. Lakini Gwamaka aliitazama redio, akamtazama mkewe, akaitazama redio, na mkono ukaanza kupiga godoro kwa nguvu. Mkewe alikuwa ndani ya redio! Tangazo lilirudi kila saa, na kila liliporudi alipiga.

Jumapili saa kumi na mbili kamili redio ilinyamaza. Kitaa chekundu.

Mkono ulibaki juu. Gwamaka alingoja. Kisha koo lake likaanza kutoa ile sauti inayotangulia kilio, na Jenista akakaa kitandani upesi, akamwimbia wimbo wa kwaya, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Gwamaka hakuutaka. Macho yalikuwa yameganda kwenye redio.

Jenista aliuacha wimbo. Halafu akasafisha koo.

"Mimi ni Jenista wa Hasamba," alisema. "Nyumba ni giza, mume wangu amelala kimya, analia. Lakini nawashukuru Angavu."

Mkono ukapiga godoro mara moja, ukangoja.

"Angavu," Jenista akaimba, "nyumba haizimi."