Mtu Aliyeachwa Mnarani

Nyumbani kwa Wit Sobczak dadu zilikuwa nyingi kuliko vijiko. Alizipanga kwa rangi katika chupa za jamu, na kila Jumamosi mchana alitokea jikoni kwa Ludwika na mfuko wa kitambaa uliojaa hizo dadu. Walikuwa wanne mezani, wakicheza mchezo wa kusimuliana hadithi. Jagna ndiye aliyekuwa msimulizi: alieleza misitu, ngome na mazimwi, na wale watatu kila mmoja alimsemea mtu wake wa kubuni. Jambo likiwa la hatari, dadu ya pande ishirini ndiyo iliyoamua. Ishirini ilikuwa bahati tupu. Moja ilikuwa balaa.

Ya Wit ilikuwa ya kijani, kijani cha mto Brda wakati wa kiangazi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Bogumił, mkubwa wao kwa umri, akinyoosha mkono tu, Wit aliifunika kwa kiganja.

"Mkono wako una nuksi, mzee. Shika zako."

Jumamosi ile ya mwisho, mtu wa Wit, askari mmoja aliyeitwa Borek, aliachwa amefungiwa chumba cha juu cha mnara. Jagna alisema watamtoa wiki ijayo. Katikati ya wiki Wit akaanguka kituoni akisubiri tramu. Moyo ulisimama, na hospitali hakufika.

Wakakaa miezi bila kucheza. Walipoanza tena, Jagna aliihamishia hadithi nchi nyingine, na mnara hakuna aliyeutaja. Sabina, dada yake Wit, alileta zile chupa, akamwambia kila mmoja achague dadu ya ukumbusho. Ludwika akachukua ya kijani.

Tangu hapo ikawa inampa moja. Mtu wake akiruka mtaro, moja. Akimdanganya bawabu, moja. Bogumił alimtania kwamba hakurithi, amerogwa. Baada ya muda akaacha kutania. Ludwika akaipima kama wachezaji wanavyopima: aliiweka ielee katika bilauri ya maji ya chumvi, akaizungusha kwa kidole aone kama kuna upande mzito unaovuta chini. Ilizunguka vizuri, kila mara namba nyingine juu. Haikuwa na kasoro. Akaifuta, akairusha mezani akiwa peke yake. Moja.

Kisha akaanza kuisikia. Mchana, akimenya viazi, kitu kilibingirika juu ya mbao, kikatulia. Alipofungua droo ya meza aliikuta palepale alipoiweka. Akazoea kupita upande wa pili wa meza. Kuitupa hakuweza, aliona ni kama kumfungia mtu mlango na nje mvua inanyesha.

Mwishowe alimwendea Sabina, akamweleza yote huku akitazamia kuchekwa. Sabina hakucheka. Alimmiminia chai, akakaa.

"Mara ya mwisho mlipocheza naye, mlimwacha wapi?"

"Nani?"

"Huyo mtu wake."

Ludwika akasita, halafu akamsimulia habari za mnara.

"Na nyinyi mkaenda zenu?"

"Tulienda zetu."

"Basi rudini mkamchukue," Sabina alisema.

Jumamosi iliyofuata Sabina alikaa kwenye kiti cha Wit. Jagna hakupenda, alisema hadithi ile ameshaizika. Lakini alianza, mikono mapajani, sauti ya chini, na wote wakapanda ngazi za mnara pamoja naye. Mlango ulikuwa na kufuli. Ilibidi mtu arushe dadu. Ludwika aliisukuma ya kijani mbele ya Sabina.

"Ishike kwanza ipate joto, dada," Bogumił alisema taratibu. "Halafu iachie tu."

Ikabingirika, ikagonga bakuli la sukari, ikatulia. Kumi na nne. Jagna akasema inatosha, mlango umefunguka. Baadaye aliwaambia kwamba alikusudia kumtoa Borek akiwa mzima, amkabidhi Sabina. Kinywa chake kilisema mengine.

"Kitanda kimetandikwa. Dirisha liko wazi. Hamna mtu."

"Kuna damu?" Sabina aliuliza.

"Hakuna."

"Na viatu vyake?"

Jagna alikuwa amepauka. "Amevivaa."

Sabina alishusha pumzi. "Basi ameondoka mwenyewe."

Walikaa wakiitazama dadu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuigusa.

Baada ya siku ile ikawa dadu kama nyingine: saba, kumi na mbili, tatu. Wengine walifurahi. Lakini Ludwika, akimenya viazi, alijikuta amesimamisha kisu anasikiliza. Droo ilikuwa kimya. Aliivuta, akaitikisa kwa mkono wake mwenyewe. Dadu ikabingirika kwa sauti ndogo ya plastiki, ikaangukia kumi na moja. Hapo akakaa chini akalia, na tangu mazishi alikuwa hajalia.

Jumamosi Sabina alikuja bila kualikwa, amebeba keki. Alitaka kujua mtu akitaka mtu wake wa kubuni anafanyaje. Bogumił akamuuliza atakuwa nani: mchawi, mpiga upinde?

"Mpishi."

"Mpishi atatufaa nini kwa mazimwi?"

"Na huko msituni mnakulaga nini?"

Walitazamana. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kufikiria. Jagna akamsogezea karatasi na penseli.