Sauti ya Dalali

Upasuaji wa koo ulimwachia Dalali uhai, ukamchukulia sauti. Na sauti ndiyo iliyomlisha maisha yote. Mnadani aliuza makabati, majenereta na magari mabovu, na mtu aliyekuja kutazama tu aliondoka na friji. Kabla hajalazwa, binti yake alimkalisha mezani akamrekodi akisimulia ukoo mzima, nani alimwoa nani na nani alimkimbia nani, ili wajukuu waje wamsikie. Rekodi zote zilikuwa kwenye kompyuta moja kuukuu ambayo sasa ilikoroma, ikazimika, ikawaka ipendavyo yenyewe.

"Tuchukue nakala ya diski nzima," alisema mdogo wa binti huyo, ambaye nyumbani huitwa Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza printa, tena mara moja. "Kila kitu kinahama kama kilivyo. Programu, mafaili, mpaka takataka."

"Takataka za nini? Mimi nataka sauti ya baba."

"Ukinakili kimoja kimoja utasahau kitu, dada."

"Nimeshanakili jana," Dada akajibu, akaitoa flashi kwenye pochi kwa maringo. Yeye hupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na huamini alichokishika kwa mkono wake. Jana hiyo alizivuta zile alama za rekodi zilizojipanga usoni mwa kompyuta, akazitia kwenye flashi, na kazi ikaisha kufumba na kufumbua. Maneno yote yale ya baba, mara moja tu! Ilimshangaza, lakini akajiambia flashi za siku hizi zina mbio.

Injinia hakubishana naye. Aliichomoa diski ya zamani, akaiunga kwenye laptop yake pamoja na diski mpya. Skrini ikaonyesha diski mbili zenye ukubwa mmoja na jina moja la kampuni, mapacha kabisa.

"Ya zamani ni hii," alisema. Akakuna kichwa. "Au hii."

"Si wewe ndiye fundi?"

"Usinichanganye, nafikiri."

Aliyechanganyikiwa hasa ni Dada. Kama diski inanakiliwa nzima, basi hata nafasi tupu inanakiliwa? Utupu unanakiliwaje? Aliona aibu kuuliza.

Dalali alikuwa amevaa miwani, ameinamia skrini. Ghafla akagonga meza. Akainua kiganja, akakigeuza chini. Akarudia.

"Chai hutaki, baba? Imepoa?" Dada akaondoa kikombe.

Mzee akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye skrini, akageuza kiganja tena. Dada akadhani mwanga unamuumiza macho, akaupunguza. Programu ikauliza kama wana hakika. "Huwa inauliza hivi hivi," alisema Injinia, akabonyeza.

Kazi iliisha haraka ajabu. Injinia akaifungua diski mpya, ikawa tupu. Akaifungua ya zamani, nayo tupu vilevile: alikuwa amenakili utupu wa ile mpya juu yake.

Hapo ndipo Dada alipokumbuka. Mnadani, kiganja kikigeuzwa chini maana yake ni simama, usiuze, kuna kasoro. Walikulia kwenye uwanja ule, waliijua ishara hiyo kabla ya kujua kusoma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini mkuu asiye na sauti atasikiwa vipi na watoto waliokwisha kusahau mikono yake?

"Ile flashi!" Injinia akasema.

Wakaichomeka. Rekodi ya kwanza: faili halipatikani. Ya pili vivyo hivyo. Injinia akafumba macho. "Dada, hizi zenye kishale ni njia za mkato. Ni vibao vya kuelekeza nyumba. Umebeba vibao, nyumba umeiacha."

"Lakini nimeziona zikienda! Kwa macho yangu!" Akalia kwa uchungu na hasira. Mpaka leo haelewi mtu anawezaje kunakili kitu asiwe nacho.

Mwishoni kabisa palikuwa na moja isiyo na kishale. Akaibonyeza bila tumaini. Kikatoka kikohozi, kisha sauti ile nene ikajaa chumbani: "Inarekodi hii? Mbona taa haiwaki? Haya, mwanangu, nianzie wapi?"

Ikafuata sauti ya Dada mwenyewe, ya haraka haraka: "Usianze, baba. Hii ni ya kujaribu tu."

Rekodi ikakatika.

Dalali akanyoosha kidole, irudiwe. Dada akairudia, na mara hii akamtazama baba yake. Midomo ya mzee ilikuwa inaifuatisha sauti neno kwa neno, mpaka kwenye lile swali la aanzie wapi. Hapo akamgeukia binti yake, akangoja.