Waya Tatu za Bwana Rula

Bwana Rula hakuwa na kipimo cha umeme, hakuwa na ngazi yake mwenyewe, wala hakuwa na namba ya kumpigia bintiye. Na muda ulikuwa unamwishia. Binti alikuwa amemwandikia mama yake kwamba Jumamosi, saa kumi kamili alasiri, angepiga kutoka simu ya kulipia. Baba akipokea, binti atakuja nyumbani. Asipopokea, basi binti ameelewa kwamba bado hatakiwi.

Sasa ilikuwa saa tisa na nusu na simu haina hata mlio.

Jana yake seremala huyo mstaafu, aliyebandikwa jina la Rula kwa kupenda vitu vilivyonyooka, alikuwa amezipanga upya waya zote za simu ndani ya nyumba ili simu ya binti iikute nyumba imekaa sawa. Ya sebuleni, ya jikoni na ya chumbani zilitoka sambamba kwenye kisanduku cha mlangoni, zimebanwa kwa vijisumari kila baada ya shubiri. Kwa hiyo alijua tatizo liko nje. Aliazima ngazi kwa jirani, akapanda mpaka waya inapoingia ukutani, akakwangua kutu, akawalaumu watu wa simu.

Mkewe alimshauri azifungue zote tatu, achomeke simu palepale kisandukuni.

"Waya zangu hazina kosa," alisema.

"Mzee wangu, unatafuta simu au unatafuta sifa?"

Akapanda tena. Saa kumi ilimkuta juu ya ngazi.

Ilipofika saa kumi na dakika ishirini alishuka, akachukua bisibisi, akazifungua waya zote tatu bila kumtazama mkewe. Alipochomeka simu kisandukuni, mlio ulikuja safi kabisa. Akarudisha waya ya jikoni: mlio upo. Ya chumbani: upo. Ya sebuleni: kimya. Aliifuata kwa kidole hadi nyuma ya kabati, akakuta kijisumari kimoja kimeitoboa katikati na kuzigusanisha nyuzi zake mbili. Shoti.

"Binti yetu amesikia nini huko?" mkewe aliuliza.

"Amesikia inatumika. Kila alipopiga. Nyuzi zikigusana, laini huwa kama simu imeinuliwa."

"Kama alipoolewa bila ruhusa yako, ukautoa mkono wa simu ukauweka mezani wiki nzima."

"Ndiyo. Kama vile."

Walikaa mlangoni na simu kati yao mpaka wakawasha taa. Haikulia. Mzee akaomba karatasi na anwani iliyokuwa kwenye barua ya binti. Barua ya kwanza ilisema laini ilikuwa mbovu; aliisoma, akaichana. Ya pili ilikuwa fupi:

"Simu haikuwa inatumika, waya ilitobolewa na msumari, na msumari niliupiga mimi. Mama yako alinionyesha pa kutazama, nikakataa. Mkono wa simu nao niliutoa mimi. Piga Jumamosi ijayo, au njoo tu bila kupiga. Mje wote wawili."

Aliilamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Asubuhi alitembea hadi posta, akaitumbukiza, akasubiri asikie imefika chini.