Pigo la Kupumzisha Mkono

Saa nne asubuhi Zumreta alimimina kahawa, akachovya donge la sukari, akafungua daftari na kungoja. Upande wa pili wa ukuta, Nezir, fundi wa shaba, alianza kazi. Alipiga mara tatu juu ya birika, kisha mara moja juu ya chuma kitupu cha fuawe, ili kupumzisha mkono. Kwenye pigo hilo tupu ndipo Zumreta alipoweka nukta. Kwa namna hiyo alikuwa ameandika vitabu vinne, na cha tano, cha maisha ya mama yake, kilibakiza sura moja.

Mwezi wa Mei ikafunguliwa hoteli mwisho wa mtaa. Wageni walipenda kulala hadi mchana. Halmashauri ikabandika tangazo: nyundo marufuku. Mafundi kumi na mmoja walifunga karakana zao, na humo yakaingia mabirika yaliyotengenezwa kwa mashine nchi za mbali.

Mtaa ulinyamaza. Zumreta akaanza sentensi, na sentensi hiyo haikukoma. Ilipita jikoni kwa mama yake, ikapanda mlima, ikavuka mto Bosna mara mbili. Baada ya kurasa kumi na tisa ilikuwa bado inatafuta pa kuketi.

"Weka nukta tu, jirani," Nezir alimwambia.

"Naziweka. Hazishiki."

Aliinua daftari, nukta zikamwagika mezani kama ufuta. Nezir akazizoa kwa kiganja na kuzitia kwenye kisosi.

Jumatatu iliyofuata, saa nne kamili, ukuta ulianza kupiga nyundo. Ulikuwa umesikiliza kwa miaka thelathini na minane, na sasa ulirudisha mwaka mmoja kila asubuhi. Nezir alileta kigoda chake, akakaa mikono mfukoni.

"Huyu kijana ana papara," alisema siku ya kwanza.

"Si ni wewe mwenyewe?"

"Najua. Ataitoboa hiyo shaba."

Miaka ya vita ilipita kwa pigo mojamoja. Asubuhi hizo walisogeza viti mbali na dirisha, kwa mazoea. Siku ya kumi na tano, kabla kahawa haijapoa, mapigo yalikosea hesabu.

"Hapo ndipo binti yangu alipozaliwa," Nezir alisema. "Birika lile lilivuja."

Zumreta aliendelea kuandika. Nukta zilishika.

Hoteli ikalalamika. Akaja Dženan, afisa wa halmashauri, kijana aliyekulia mtaa huohuo. Alibandika sikio ukutani.

"Ni ukuta, bibi."

"Ni ukuta."

"Tangazo linasema nyundo. Ukuta halikuutaja." Alifikiri. "Basi waandikie wageni barua ya kuomba radhi. We si mwandishi? Mistari miwili tu, na mimi nirudi ofisini na kitu mkononi."

"Kahawa unakunywa?"

"Kidogo."

Siku ya thelathini na nane ukuta ulifika asubuhi ya tangazo. Ukapiga mara tatu. Zumreta aliandika jinsi mama yake alivyovua aproni na kuitundika nyuma ya mlango. Pigo tupu likalia. Akaweka nukta, akafunga daftari. Ukuta haukusema tena.

Nezir akachukua kigoda chake. Njiani alipita mbele ya karakana yake, palipouzwa mabirika ya kigeni. Hakugeuza kichwa. Hotelini mapazia yalikuwa bado yamefungwa, na tangazo lilikuwa limebandikwa upya, kwa gundi bora zaidi.

Adhuhuri Dženan alisimama mlangoni.

"Bibi, ile barua?"

Zumreta aliandika maneno mawili, akatoa nukta moja kwenye kisosi, akaibana kwa kidole mpaka ikashika. Dženan alisoma. Akageuza karatasi, nyuma hapakuwa na kitu.

"Bibi, hapa umeandika huombi radhi."

"Siombi."