Kisanduku Kimoja Kitupu

Siku tulipotimiza miaka arobaini ya ndoa, binti yetu na mumewe walitupeleka kula chakula cha mchana kwenye mgahawa ambao sahani zake huja tisa, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na tonge moja au mawili tu. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi hadi kwenye pindo. Nilikikagua kabla sijakaa. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati, na mke wangu hadi leo huniita Mkaguzi, hasa akitaka kunichokoza.

Mgahawa ule una desturi yake: hawakwambii unachokula mpaka umalize. Mhudumu wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba ulimi unatakiwa ukisie kwanza, ndipo masikio yaambiwe.

Mchezo huo haukunitia wasiwasi, ingawa mke wangu hali karanga. Si kwamba hazipendi. Miaka kumi na minane iliyopita alitafuna nusu ya biskuti kwenye sherehe ya jirani, na kabla hajaigusa nusu ya pili midomo ilikuwa imevimba na koo linaziba. Nilimbeba mgongoni hadi hospitali nikiisikia pumzi yake shingoni mwangu ikipiga filimbi, kisha haipigi. Tangu hapo hatoki nyumbani bila sindano yake ya dharura.

Siku hiyo ilibaki nyumbani. Mkoba wake mpya ulikuwa mdogo, na aliponiuliza nilimwambia aiache. Wiki moja kabla, mgahawa ulikuwa umetuletea karatasi ya kujaza, yenye orodha ya vyakula na kisanduku mbele ya kila kimoja. Binti yetu alitaka kuijaza yeye. Nilimjibu kwamba nilikaa miaka sita kwenye dawati la shule ya usiku, nikitoka kazini na vumbi la pamba kichwani, na sitashindwa na karatasi moja. Mumewe, ambaye ni mwalimu, alitabasamu. Tabasamu lile nililiona.

Sahani ya kwanza ilikuwa supu, ndani ya kikombe kidogo kama cha kupimia dawa. Tulipomaliza, mhudumu alisema ilikuwa ya maboga na siagi, ila ya mama haikuwa na siagi. Nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Ya pili, sisi tulipewa samaki, na mke wangu akapewa kiazi kilichochongwa umbo la samaki. Akaniinamia sikioni.

"Mkaguzi, mimi na samaki tumegombana lini?"

Nilimwambia wapishi wakubwa wana mambo yao. Ya tatu, yetu ilikuwa na yai. Yeye aliletewa jani. Jani moja, limelazwa katikati ya sahani kubwa. Alilitafuna taratibu, akatutazama mmoja mmoja.

"Kesho mkinisikia nalia mee, msimsumbue daktari."

Tulicheka wote, hata mhudumu. Kisha akasema mpishi anamsalimu mama, kwa kuwa hajawahi kupata mgeni aliyekatazwa vitu vingi namna ile.

"Vyote vilivyotiwa tiki ameviondoa. Maziwa, mayai, samaki, nyama, ngano. Katika orodha nzima kimebaki kimoja tu, na sahani inayokuja ameijenga juu ya hicho."

Niliweka kijiko changu chini. Kiwandani kwetu shati zima lilipigwa tiki ya chaki ndani ya ukosi. Shati bovu halikuguswa. Aliyeliona halina alama alijua ni la kurudishwa. Nikaiona ile karatasi mbele ya macho yangu: safu ya tiki zangu zilizonyooka, na kisanduku kimoja kitupu, cha karanga. Nilikuwa nimekitazama kwa fahari. Maelezo ya juu sikuyasoma, kwa sababu nilidhani nayajua.

Ningesema hapo hapo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nikamtazama mkwe wangu, nikalimeza. Naandika hili kwa aibu. Sahani zilikuwa zinakuja, na mimi nilikuwa natafuta njia ya kumwokoa mke wangu bila mwalimu yule kujua.

Mbele yake liliwekwa donge dogo jeupe, baridi, linanukia ndimu. Halikunukia kitu kingine chochote. Nilimwomba tubadilishane. Binti yangu akasema hapana, Baba, hiyo ni ya Mama peke yake. Nilisema basi nionje kwanza. Mke wangu akaivuta sahani upande wake na kuniambia kwamba baada ya jani lile, donge hili ni haki yake, na nikilisogelea ataniuma. Nilinyoosha mkono kana kwamba nafuata chumvi ili niimwage sahani, lakini kiwiko kikaangusha bilauri ya maji. Wakati mhudumu anapangusa, kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni.

"Weka chini," nilisema.

"Mzee ana wivu leo."

"Mama, weka chini. Ni karanga. Karatasi niliikosea mimi. Nilitia tiki unavyoweza kula."

Mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alikitoa kijiko mkononi mwa mke wangu, akamfuta midomo kwa maji, akaniambia nimshike, kisha akakimbilia gari. Donge lilimgusa ncha ya ulimi tu. Lakini tulipofika mlangoni, pembe ya mdomo wake ilikuwa imeanza kuvimba.

Nilikaa naye kiti cha nyuma, kichwa chake begani kwangu. Zahanati ilikuwa mitaa miwili kutoka pale. Sikusikia kelele za barabarani wala simu aliyokuwa akipiga binti yangu. Nilikuwa nasikiliza filimbi.

Walimchoma sindano akiwa bado amesimama, wakamlaza. Muuguzi alituambia tusubiri nusu saa, maana uvimbe unaweza kurudi, kisha akaninyooshea karatasi na kalamu. Ilikuwa na visanduku. Mkwe wangu alikuwa ameketi karibu yangu, shati lake limelowa mgongoni kwa jasho. Nilimpa.

"Jaza wewe, mwanangu. Ila nisomee kwanza maelezo ya juu. Yote."

Alinisomea polepole, bila kutabasamu, kidole chake kikifuata mstari. Kitandani, mke wangu alifungua jicho moja na kusema kwa mdomo mzito kwamba amebakiza sahani tano. Sikio langu lilikuwa karibu na kifua chake, na kati ya pumzi moja na nyingine nilikuwa nangoja.